Doti Isiyokatwa

Vijiji viwili vya pwani ya Italia vilikuwa ndani ya simu, na mume wa Mwanaharusi, aliyetangulia huko, alitaka jibu.

"Mwanaharusi, mwenye nyumba ananingoja. Tuhamie kipi?"

Mwanaharusi aliweka kando pindo alilokuwa akishona kibandani kwake Marshalltown, kusini mwa Afrika, akavua subana kidoleni, akaikuza picha ya kwanza. Mchanga mweupe, pazuri mno, hakuna hata mtu.

Ya pili ilikuwa ngazi na mawe matupu. Lakini kwenye kamba ya nguo, eish, kanga! Doti nzima, haijakatwa wala kupindwa.

Akaikuza zaidi. Kuna mwanamke wa kwetu kule, na hana fundi.

"Cha pili!" alipaza sauti. "Na kabla hujachukua funguo, kampigie hodi mwenye kanga ile. Mwambie asiitie mkasi, nakuja."