Mtetemo wa Mkono

Mchoraji alikuwa akisafisha kwenye kompyuta miondoko ya katuni iliyorekodiwa asubuhi ile alipouona mkono ukitetemeka.

Kwenye skrini hapakuwa na mtu, ila vitone vyeupe tu, vilivyonaswa na kamera kutoka kwenye nguo ya kubana aliyovaa Mwalimu. Vitone vya mabega vilitulia tuli. Vya mkono wa kulia vilichezacheza, kama maji ya kikombe kilichopigwa kikumbo.

Alidhani kamera zimekosea. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Kila mkono uliponyooka, ulitetemeka.

Mwalimu ndiye aliyemfundisha kuchora katuni, karatasi juu ya karatasi, mpaka mchoro utembee wenyewe. Kisha, mwaka jana, mzee huyo akaiacha penseli na kuja kurukaruka mbele ya kamera. "Penseli imepitwa na wakati, binti yangu," alimwambia. Binti akamnunia, na moyoni akamwita msaliti.

"Huo mtetemo wa nini?" msimamizi wa studio aliuliza nyuma yake. "Mhusika wetu ni kijana. Uondoe."

Binti akabonyeza kitufe. Vitone vikatulia. Mkono ukawa laini, mzuri, wa mtu yeyote. Alingoja ule uchungu wa kusalitiwa umshike, haukuja.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia akitweta, mkono wa kulia ameubana kwapani.

"Nimetokeaje, mwanangu?"

"Vizuri, Mwalimu," alijibu, macho yakiwa kwenye skrini. "Hapakuwa na cha kurekebisha."