Mkwe Mwenye Masikio

Vigae viwili vilikuwa vimeshaanguka kutoka paa la jirani, na posa ya Prasojo ilikuwa bado haijajibiwa.

Spika kumi na sita zilipangwa juu ya lori uani kwa Pak Tukiran, zikaipita nyumba yake kwa urefu. Nyuma ya shuka la maua kulikuwa na mashine mbili za kukuza sauti, moja ya zamani na moja mpya. Wimbo ni ule ule. Lik Parno, mdogo wake Tukiran, angewasha mojawapo bila kuonekana, na Prasojo angetaja ni ipi. Mara tatu. Akikosea hata moja, angerudi Surabaya peke yake, kwenye duka lake la viatu, na Winarsih angebaki kwa baba yake.

"Simtoi mwanangu kwa mtu asiyejua kusikia!" Tukiran alikuwa ametangaza. Alisema kwa kupiga kelele siku zote, kama kila mtu aliyezeekea kwenye spika.

Na ungemlaumu kwa lipi? Toka pale hadi Blitar, hakuna harusi wala gwaride la malori ya muziki lililoanza bila yeye. Angesimama katikati ya barabara, binti yake kando, angekunja uso, kisha angeamuru besi ishuke na sauti za juu zipande. Na kweli wimbo ungenyooka. Watu walimwita Sikio la Dhahabu. Asubuhi hiyo Prasojo alipomuuliza hali yake, mzee alijibu, "Kwa lori, tena la kukodi." Majirani wakatazamana kwa heshima. Mtu mkubwa hashughuliki na maswali madogo.

Prasojo mwenyewe, maskini, hakuwa na sikio la chochote. Kwake wimbo ama upo ama haupo. Lakini alimpenda Winarsih mpaka nguo zikampwaya, na Winarsih, aliyeujua vizuri udhaifu huo, alimpa dawa siku moja kabla.

"Mas wangu, we niangalie mimi tu. Nitakuwa barazani namenya karanga. Nikiila, ni mpya. Nikiitia bakulini, ni ya zamani. Basi, usijitie kusikiliza, utaharibu."

Raundi ya kwanza. Besi ikapiga, kuku wakahama ua. Karanga ikaanguka bakulini.

"Ya zamani!" alisema Prasojo.

Tukiran, aliyekaa kuielekea baraza, akabana jicho moja kama mtu anayeonja mchuzi. "Kweli," akaamua. Lik Parno akainua shuka. Kweli.

"Hata mimi nimejua," alisema Mbok Ginah, mwenye vile vigae. "Ya zamani ina utamu wake."

"Utamu gani? Kelele tu hizo," mumewe akamkata.

"Kelele ni wewe unapolala. Muziki mzuri ni ule unaochezesha glasi kabatini. Nenda katazame glasi zangu."

Raundi ya pili. Mama mmoja mwenye sinia la chai akaja kusimama mbele ya Winarsih, na pale pale akaanza kugawa vikombe bila haraka. Prasojo akarefusha shingo. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kijana wa mjini ameshikwa. Sinia liliposogea, alimwona mpenzi wake akitafuna.

"Mpya!"

"Kweli," alisema Tukiran, safari hii kwa kukereka. Shuka likainuliwa. Kweli.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema Mbok Ginah. "Nimesikia glasi imepasuka."

Raundi ya tatu Prasojo hakungoja hata wimbo ukolee. Karanga ilipogusa midomo tu, alipaza sauti, "Mpya tena!"

Tukiran akakubali, shuka likakubali, ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Lik Parno akafungulia muziki mpaka mwisho. Barazani Winarsih alicheka huku akijifuta machozi, na Prasojo alimtazama kwa furaha. Kesho kutwa wangepanda basi. Alishapata chumba cha kupanga karibu na duka, chenye dirisha la mtaani.

Tukiran akamshika mkono, akamvuta nyuma ya lori, mahali ambapo hata ukipiga kelele za mwizi hakuna atakayegeuka. Akamwekea mdomo sikioni.

"Raundi ya pili umechelewa! Karanga imeshaliwa zamani, we bado unashangaa sinia!"

Prasojo akafungua mdomo ajitetee.

"Usijisumbue kunijibu, mwanangu. Mwaka wa sita huu sisikii hata radi. Hiyo ishara ya karanga nilimfundisha mimi." Mzee akamkamata mabega yote mawili, macho yamemlowa. "Nilitafuta mkwe mwenye masikio anishikie kazi, nimpumzishe binti yangu kunisikilizia. Sasa tuko watatu, na masikio ni yake peke yake. Surabaya basi; chumba chenu ni kile cha mbele, humu humu kwangu."