Kufuli la Samaki

Dokta Ksawery alipoliweka lile kufuli mezani, ukumbi mzima wa maktaba ya Świątniki ulisimama ili kulitazama. Bogna peke yake alibaki kitini.

Lilikuwa la chuma, zito, lenye umbo la samaki, limeliwa na kutu.

"Bi Bogna aliandika kitabuni mwake kwamba kufuli hili lilifunga kasha la sadaka katika kanisa la Olszanka Stara," alisema Ksawery. "Mimi nikaandika gazetini kwamba halipo na halikuwahi kuwapo. Nikasema huyu mama anaandika historia ya makufuli kama watu wanavyopiga soga saluni."

Watu walicheka. Bogna aliinamisha kichwa. Tangu makala ile itoke, wachapishaji walikuwa wamekiondoa kitabu madukani, naye hakuthubutu kutoka hata kununua mkate. Mumewe Wit, fundi chuma, ndiye aliyekwenda dukani na kujibu simu.

"Halafu Wit akanijia nyumbani," aliendelea Ksawery. "Akaniambia, 'Kaka, hukutafuta vizuri. Rudi, panda mnara wa kengele.' Nikapanda kwa kiburi tu, ili nimfunge mdomo. Nikalikuta chini ya mbao, limejaa kinyesi cha njiwa!"

Alibonyeza jicho la samaki. Mkia ukafyatuka, sawasawa na Bogna alivyoeleza.

"Mama, nilikudhalilisha mbele ya mji mzima. Mbele ya mji mzima nakuomba radhi."

"Dokta, tafadhali," Bogna alisema kwa sauti ya chini. "Usiniombe radhi."

"Acha kujishusha, mama!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na makofi yakalipuka.

Machozi yalimtoka Bogna. Jirani yake, Halszka, akamsugua mgongo. "Lia tu, mwenzangu. Umeonewa vya kutosha."

Bogna aligeuka kumtafuta mumewe. Wit alikuwa amesimama mlangoni, hapigi makofi, amekodolea macho viatu vyake.

Kufuli la samaki Bogna alilibuni mwenyewe, jikoni, akimenya viazi, siku wachapishaji walipokuwa wakimharakisha na ukurasa mmoja ukiwa bado mtupu. Hakumwambia mtu. Hata Wit hakumwambia.