Zeze la Nyemo

Fundi akitimiza miaka sitini, ujuzi wake huondolewa kichwani na kupelekwa kwenye ghala la taifa. Zamu ya Mazengo ilipofika, mkewe Sechelela alimsindikiza asubuhi, akarudi naye adhuhuri. Uani, kwenye karakana yao, lilibaki zeze la arusi ya binti yao Nyemo, halijatiwa nyuzi.

Mazengo alilinyanyua, akapapasa kibuyu chake, akakinusa.

"Mama Nyemo, hiki kitu nani kakitengeneza?"

"Wewe, mume wangu."

Alicheka kidogo. "Acha utani. Mwenyewe akirudi, mwambie ana mikono ya baraka."

"Nitamwambia," alijibu Sechelela, kisha akaingia jikoni, akafunga mlango asionekane akilia.