Mwanafunzi Asiyewasha Kamera

"Bado mmoja," alisema mkurugenzi, na uso wake kwenye skrini haukuwa na chembe ya mzaha.

Mwalimu akajipangusa jasho kwa mkono wa shati. Kozi yake ya mtandaoni, ya kuwafundisha wenye maduka kutumia programu ya mauzo, ilikuwa inapimwa leo. Wanafunzi wote wakiridhika na programu, anaajiriwa moja kwa moja. Mmoja akikataa, kozi inafungwa, naye anarudi kushinda kwenye kochi la mama yake kama mto.

Wengine wote walishasema wameridhika. Aliyebaki ni yule aliyejiandikisha kwa jina la Mvumilivu, asiyewasha kamera wala kufungua maiki tangu kozi ianze. Yeye ni kuandika tu, na kila alichoandika kilikuwa mwiba.

"Kitufe cha kuhifadhi mbona cheupe juu ya weupe?"

"Nikikosea, programu inasema 'hitilafu' halafu inanyamaza. Nifanyeje sasa, nisubiri ndoto?"

Kabla ya kipindi, mwalimu alikuwa amegonga mlango wa chumba cha mama yake. Mama hufunga mlango huo kila kipindi kinapoanza. Mwanawe anajua yuko kwenye sala zake.

"Mama, niombee. Kuna mkorofi mmoja anataka kunimwagia unga wangu."

"Nakuombea kila siku, mwanangu," mama alijibu kutoka ndani. "Lakini huyo mkorofi umeshamsikiliza?"

"Huyo? Hata kipanya hajui kukishika!"



Sasa mwalimu akaisogelea skrini. "Mvumilivu, ndugu yangu, umeridhika na programu?"

Wanafunzi wenzake wakaanza kumchokoza.

"Sema basi, mzee wa vitufe!"

"Labda kitufe cha kujibu nacho hakioni!"

Mwalimu naye akacheka kidogo, cheko la mtu anayezama. Mkurugenzi hakucheka.

"Afungue maiki," akaagiza. "Nataka nimsikie mwenyewe."

Maiki ikafunguka. Kikohozi kimoja kikasikika mara mbili: kwenye spika, na kwenye chumba cha pili.

"Nisamehe, mwanangu," akasema mama yake. "Uongo siuwezi. Sijaridhika."