Bastola ya Kifuani

Dubu alitokea kwenye misonobari, akasimama kati yao na ile bunduki waliyoiegemeza mtini. Kaka yake Verna alikuwa amepiga magoti akimpasua kulungu waliyemwangusha, mikono imezama ndani hadi viwikoni.

"Tulia, dada," alisema taratibu. "Kafuata damu tu. Akija, bastola ninayo kifuani. Hizo sala zako ziweke akiba kwanza."

Verna hakucheka. Macho yake yalikwama kwenye mfuko wa ngozi kifuani pa kaka yake, na kitako cha bastola kilichong'arishwa na kiganja.

Alfajiri ile, kaka yake alipokuwa akichemsha kahawa, Verna ndiye aliyezitoa risasi zote za bastola. Tangu mkewe azikwe, kaka yake alikuwa akikaa na bastola ile mezani kila jioni, haongei. Lakini huko Alaska hakuna anayekwenda kuwinda bila bastola. Verna alimwona akijifunga mfuko ule, akanyamaza.

Dubu akapiga hatua.

"Haina risasi," Verna alinong'ona. "Nilizitoa mimi. Niliogopa utajidhuru."

Kaka yake aligeuka akamtazama yeye, si dubu.

"Ziko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye kopo la unga."

Aliinuka polepole. Akamshika mkono kwa vidole vilivyolowa damu, akamvuta nyuma ya mgongo wake, kisha akaanza kusema na dubu kwa sauti ya chini, kama baba yao alivyowafundisha.

"Haya, bwana mkubwa. Nyama yote yako. Mimi na dada yangu tunataka kurudi nyumbani."