Kundi la Wapenda Darubini

Haya aliniambia Namkunda mwenyewe wiki iliyopita, tukichambua maharage barazani kwangu.

Kama mjuavyo, siku hizi mashine ya kupumulia hufuata kundi la mtandaoni la mgonjwa. Kundi likinyamaza saa nzima, mashine nayo inazimika. Mumewe, Mbazi, alijiandikisha zamani kwa wapenda darubini, walipokuwa wengi, wakibishana kutwa juu ya pete za Zohali. Baadaye wote wakahamia kwa watu wa roketi. Kuhama kunataka sauti ya mgonjwa mwenyewe, na Mbazi sauti ilishakwisha. Wakabaki Namkunda, kwa simu ya mumewe, na mzee Gama wa Songea, wakipokezana kuandika.

Jumapili mchana Gama akaandika, “Shemeji, macho yanafumba yenyewe. Niulize kitu.”

“Mwezi uko mbali kiasi gani?”

“Jamani, si umeniuliza asubuhi? Hata wa kwenda kwa miguu angeshafika!”

Namkunda akacheka peke yake. Akauliza jingine, na jingine tena. Gama hakujibu, usingizi ulishambeba.

Akaendelea mwenyewe mpaka herufi zikaanza kucheza machoni. Mbazi akaweka kiganja juu ya simu. Midomo yake ikasema bila sauti, “Lala kidogo, mke wangu. Nitaandika mimi.”

Namkunda alijua vidole vile havijashika hata kijiko tangu Pasaka. Alijua vizuri kabisa. Akamwekea simu kifuani, akaegemeza kichwa begani pake, akalala.